Sanduku la Salvatory Lasema Kisukuma

Somanda,
Bariadi.
Jumanne, 26 Agosti.

Mdogo wangu mpendwa Eufrasia,

Mwangaluka, mama Milembe. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Dastan, na kwamba wagonjwa wako wodini wanaendelea kupata nafuu. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi yako Flora anasema kama bado unauma uache ubishi, umwombe muuguzi mwenzako akukande wewe kama unavyowakanda wengine. Sisi huku mhola, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto hunikumbusha kila asubuhi kwamba nimetimiza miaka sabini na moja, lakini nikishalikunja na kulikunjua kitandani hukubali kunibeba. Pamba tumevuna yote, mashina tumeng'oa na kuchoma kama bwana shamba anavyotaka, na sasa upepo wa kiangazi umeanza kuleta vumbi mpaka ndani ya sufuria.

Utajiuliza kwa nini kaka yako mwenye simu mfukoni ameamua kuandika na kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Kwanza, kwenye simu hunipi nafasi. Nikifika katikati ya maelezo unaniambia, "Kaka, nina mgonjwa," na mimi nabaki na nusu ya hoja mdomoni. Karatasi haina mgonjwa. Pili, jambo lenyewe ni la sauti, na ni simu hiyohiyo iliyolipotosha, kama nitakavyokueleza. Kaa chini, weka chai, unisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Najua uliiona video ya Jumamosi. Kijana mmoja wa Sapiwi aliirusha na kabla jua halijazama ilikuwa imefika Dodoma. Uliona mwanao amesimama uwanjani na gitaa, watu wakimpa mgongo na kukimbilia upande wa pili huku wakicheka. Jioni ileile ulipiga simu ukasema maneno machache ambayo sijayasahau: kwamba muziki ulimla kaka yetu Salvatory mbele ya macho yako, kwamba hukuzaa mtoto ili naye aliwe, kwamba chuo cha uuguzi kinafunguliwa na tiketi yake ya Jumatatu ya Septemba mosi umeshaikata. Milembe aliyasikia yote, maana ulikuwa unazungumza kwa sauti ya wodini. Hakulia. Aliniuliza tu kama kesho Jumapili, siku ya pili ya mashindano, bado ni yake. Nikamwambia ndiyo, kesho ni yako.

Sasa lazima nikueleze habari ya lile sanduku la Salvatory, kwa sababu naona unaliogopa kama nyoka, na mtu huogopa zaidi kitu asichokijua. Tulipomzika Salvatory wewe uliliona likiwa limefungwa blanketi tu, ukasema lipelekwe stoo. Ni amplifaya ya gitaa. Kazi yake ni kuchukua sauti ndogo ya nyuzi, ambayo haimwamshi hata kuku, na kuikuza. Amplifaya nyingi za siku hizi hufanya kazi hiyo kwa vipande vidogo mno vya elektroniki. Hii ya Salvatory inatumia vali, yaani vichupa vya kioo kama vile vilivyokuwa ndani ya redio ya baba, ile iliyotakiwa ipate joto kwanza ndipo iseme. Unakumbuka tulivyokuwa tukichungulia nyuma yake na kuona vimoto vyekundu, wewe ukasema ndimo wanamokaa watangazaji?

Ni hivyohivyo. Ndani ya kila kichupa hewa imenyonywa ikaisha, kuna uzi unaopashwa moto, na umeme unaruka toka upande mmoja kwenda mwingine. Nilifundisha jambo hilo ubaoni miaka mingi bila kulisikia kwa masikio. Salvatory alilijua kwa masikio bila kulifundisha. Aliponunua hii alikuwa amepiga muziki kwenye meli za watalii nusu ya maisha yake, na alisema ndiyo bora kuliko zote alizowahi kushika. Imetengenezwa kwa mkono, waya kwa waya. Ina ukubwa wa debe mbili na uzito wa mbuzi aliyeshiba, na mtu akiinyanyua vibaya itamleta kwako wodini.

Nilichokuja kukigundua, baada ya Milembe kuja kukaa kwetu mwaka jana, akaitoa stoo na kuniomba tuifufue, ni kwamba sanduku hili halina sauti yake lenyewe. Nisikilize vizuri hapa. Amplifaya ya kawaida ukiizidishia mzigo, sauti hukatika kama kamba, inakuwa makelele. Hii haikatiki, hupinda kama upinde. Mpigaji akigusa nyuzi kwa ncha ya kidole, sauti inatoka safi kama maji ya kisima, unaweza kuhesabu kila uzi. Akiongeza mkono kidogo inapata joto, kama mtu anayeanza kuguswa na maneno yake mwenyewe. Akicharaza kwa hasira inanguruma. Na hayo yote bila kugusa kitufe hata kimoja. Ukitaka mwangwi, ndani kuna springi zinazotikisika na kukupa ukumbi mzima wa kanisa. Nyuma kuna swichi ya kupunguza nguvu ili iweze kunguruma hata chumbani bila kumwamsha jirani. Lakini uungwana wake uko katika mkono. Inampa kila mtu alichoweka.

Basi ulikuwa ujinga wetu wa Jumamosi kutotumia hata kimoja cha hivyo nilivyokueleza.

Wewe umeondoka siku nyingi, kwa hiyo niruhusu nikukumbushe mashindano yetu yalivyo. Vikundi viwili vya ngoma hukutana uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na vyote vinacheza kwa wakati uleule. Hakuna jaji wala meza. Mizani ni watazamaji wenyewe. Wakipenda upande wako wanajaa kwako, wakichoka wanahama mbio, na jua likizama mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kikundi chetu cha Sapiwi kinaongozwa na Mashimba, mfugaji yule wa bondeni, ndiye mwimbaji wao pia. Ana sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto na ulimi ambao Mungu alimpa kwa kusahau. Wapinzani walitoka Binza, Maswa, chini ya Danford, kijana mwenye miwani ya jua na lori lililopakia spika ndefu kuliko mlango wa kanisa.

Mashimba hakuwahi kulitaka gitaa. Alisema tangu mwanzo kwamba ngoma ina ngozi na mwimbaji ana koo, na kitu cha tatu ni mgeni asiyejulikana atalala wapi. Alimkubali Milembe msimu huu kwa sababu moja tu, kwamba ni mjukuu wa baba yetu, ambaye alipiga ngoma kubwa ya kikundi hicho. Lakini aliweka sharti mbele ya wazee: gitaa likituletea aibu Sapiwi, linarudi kwenye blanketi lake, na raundi ya mwisho kule Binza watakwenda na ngozi na koo tu.

Jumamosi asubuhi alifika kwangu na kifurushi cha dawa kilichofungwa kwenye ngozi. Alitaka kuinyunyizia ndani ya sanduku ili livute watu. Nilimweleza kwa upole kwamba ndani mle kuna umeme wa kuua mtu hata baada ya kuchomoa waya, na kwamba vumbi likigusa kichupa cha moto kioo kitapasuka. Akaniuliza kama dawa ya wazungu ndiyo kali hivyo. Nikasema si dawa, ni fizikia. Akasema jina halina shida. Mwishowe tulikubaliana akifunge kifurushi kwenye mpini wa juu, ambako hakuna umeme. Mimi nilitazama pembeni kama Mkatoliki anavyotakiwa.

Pale uwanjani Danford alipita upande wetu kabla ya kuanza, kama ilivyo desturi, kututukana. Alilizunguka sanduku, akachungulia vimoto vyekundu nyuma, akawauliza watu wake huyu binti amekuja kupiga muziki au kukaanga maandazi. Akaliita jiko la bibi. Upande wao walicheka mpaka wakashika magoti, na wa kwetu wengine walificha midomo kwa viganja. Milembe alimjibu kwamba maandazi yake hayauzwi kwa wavaa miwani. Lilikuwa jibu zuri lakini alilisema kwa Kiswahili cha Dodoma, na kwa sauti ya mtu aliyefunzwa adabu, likaishia hewani.

Tulipoanza, spika za Binza zilifunguka zote. Nilisikia kifua changu kikitikisika kama gunia. Mashimba akamfanyia Milembe ishara ya kuongeza. Wapiga ngoma wakapiga kelele aongeze. Hata mimi, mwalimu mzima, nilinyoosha kidole juu. Akaongeza mpaka mwisho wa kitufe. Sanduku lilinguruma, Eufrasia, nakuapia, ndege waliondoka kwenye miti. Tulijiona tumeshinda. Kumbe watu walianza kusogea, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na kilichofuata umekiona kwenye video.

Usiku ule Mashimba alinitumia ujumbe kwamba dawa imechukizwa na kelele, kwamba Jumapili atampa binti nafasi moja kwa heshima ya baba yetu, na baada ya hapo tusilaumiane.

Jumapili asubuhi Milembe alipiga gitaa misani, kama anavyofanya kila wiki. Amplifaya ileile. Sasa kifurushi cha Mashimba kilikuwa bado kimening'inia kwenye mpini, na hatukuthubutu kukifungua wenyewe, maana si chetu. Flora akalivisha sanduku kitenge. Padri alipopita aliuliza kwa nini limevaa, Flora akasema limeshikwa na mafua. Padri akaendelea na safari yake. Milembe alilipunguza mpaka karibu na kunyamaza, akaweka mwangwi kidogo, na wakati wa komunyo alipiga nyuzi mojamoja. Kulikuwa na mtoto analia kule nyuma, akanyamaza kusikiliza. Unaweza kusema ni bahati. Mimi niliona waumini wakiimba wimbo kwa sauti ya chini ili wasiifunike ile sauti, na nikaanza kuhisi kwamba tulikosea mahali, ila sikujua wapi.

Milembe alijua namna ya kujua. Baada ya misa alikwenda kwa mama Elina, yule anayeuza viazi vya kukaanga nje ya uwanja wa Sapiwi. Jumamosi alikuwa wa kwanza kutuhama, na beseni lake kichwani. Milembe akamwamkia vizuri, akanunua viazi, akamuuliza bila kuzunguka kwa nini alihama. Mama Elina hakuwa na haya. Alisema yeye hakuja kusikia mngurumo, ng'ombe dume wanamngurumia bure nyumbani. Alikuja kusikia Mashimba anamtukana nani. Lakini kila Mashimba alipofungua mdomo, gitaa lilimfunika, na matusi yakapotea. Kule kwa Danford walau alisikia tusi moja au mawili kati ya nyimbo. "Mwanangu," akamwambia, "mimi ni mtu mzima, siwezi kusimama juani bila tusi."

Ndivyo ilivyo. Sisi Wasukuma tunapenda ngoma, lakini tunakwenda uwanjani kwa ajili ya maneno. Mashimba alikuwa sahihi kwamba mgeni wa tatu hana mahali pa kulala. Tofauti ni kwamba yeye alitaka kumfukuza mgeni, na Milembe aliamua kumtafutia mkeka.

Alikuja akaniambia, "Mjomba, leo nitakaa chini ya babu Mashimba, sitakaa juu yake." Akageuza swichi ya nyuma, akakata nguvu ya sanduku kwa nusu. Akaweka vitufe mahali pamoja na hakuvigusa tena siku nzima. Kisha akamwendea Mashimba, akapiga goti, akamwomba aimbe kama vile gitaa halipo. Mzee akamjibu kwamba hilo halina taabu, kwa kuwa kwake halijawahi kuwepo.

Sasa nifuate taratibu. Spika za Binza zikaanza kama jana. Watu wengi walikuwa kule. Kwetu walikuwepo wachache wa kikundi na ndugu zao, na mama Elina aliyekuja kwa udadisi. Mashimba akaimba mstari wake wa kwanza kuhusu vijana wanaovaa miwani ili wasione madeni yao. Gitaa lilikuwa chini kabisa, safi, likitembea nyuma ya sauti yake kama mke anayemfuata mumewe sokoni, kimya lakini anajua bei zote. Kila neno lilisikika. Na neno la mwisho la tusi lilipotua, Milembe akakaza mkono mara moja tu, sanduku likatoa kicheko. Sina neno jingine. Kile kichupa kilipinda sauti, ikaanza safi na ikaishia na mkwaruzo, kama mzee anayecheka huku anakohoa. Watu wakageuka.

Mashimba naye akageuka. Akalitazama sanduku. Akaimba mstari wa pili, akaacha nafasi ndogo mwishoni, makusudi. Sanduku likacheka tena, safari hii kwa dharau. Mstari wa tatu lilinung'unika kama mama mkwe. Wa nne liliguna. Mkono uleule, vitufe vilevile. Nilikuwa nimesimama pembeni nikifikiri juu ya ubao wangu wa miaka yote ile, na michoro yangu ya vali, na nikajiona nilikuwa nawafundisha watoto umbo la chungu bila kuwaonjesha mchuzi.

Watu wakaanza kuja. Danford aliona. Akasimamisha wimbo wake, akachukua kipaza sauti na kusema uwanja mzima usikie kwamba Sapiwi wameishiwa wanaume mpaka wanamkopa binti wa Dodoma asiyejua Kisukuma, kwamba hata akitukanwa hapa hatajua, atasema ahsante. Upande wao ukalipuka. Na ukweli ni kwamba Kisukuma cha mwanao ni cha salamu tu, hilo wewe na Dastan mnalijua. Mashimba alifungua mdomo kumjibu, Milembe akamwinulia mkono kumwomba asubiri. Ngoma zikanyamaza.

Akapiga peke yake. Alipiga mkunjo mfupi wa sauti, juu, juu, chini, kisha unaoburuta, na akaurudia. Mara ya kwanza kwa sauti safi, nyepesi, kama mluzi wa mchunga ng'ambo ya bonde. Unajua Kisukuma chetu kina kupanda na kushuka, na wachunga hupigiana mluzi wa sentensi nzima bila neno hata moja na wakaelewana. Nikaona kichwa cha mzee mmoja kimeinuka. Mara ya pili akakaza mkono, sanduku likapata moto. Wanawake wa nyuma wakaanza kucheka. Mara ya tatu akacharaza kwa nguvu zake zote, sanduku likanguruma, na uwanja mzima, wa kwao na wa kwetu, ukajibu kwa mdomo, kwa Kisukuma, maneno ambayo gitaa lilikuwa limeyasema, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili:

Umelala, mchunga, umelala,
ng'ombe wako wameshiba pamba yetu,
nenda kamwambie mama yako
leo utakula usingizi.

Eufrasia, wewe unajua hayo maneno yametoka wapi.

Watu walikimbia. Mama Elina aliacha beseni. Walihama upande wa Binza wakamwacha Danford na spika zake, wakaja kwetu wakiimba hayo maneno na kumwonyeshea vidole, na kila wakinyamaza sanduku liliwaanzishia tena. Hakuna video ya kipande hicho, na ndiyo maana hujaiona: waliokuwa na simu walikuwa wanakimbia. Na hata ingekuwepo, spika ya simu isingekubebea ile sauti. Danford alivua miwani. Nampa sifa yake, alikuja mwenyewe baada ya jua kuzama, akachungulia tena nyuma ya sanduku, akaniuliza, "Shikamoo mwalimu, hivi ndani mle kuna nini?" Nikamweleza habari za vali kwa kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akaenda kumwambia dereva wake kwamba mzee amekataa kumtajia dawa.

Mashimba anasema ni kifurushi chake. Amekifungua kwenye mpini na kukifunga upya kwa kamba mpya. Amesema pia, mbele ya wazee walewale, kwamba gitaa limepata mahali pa kulala, na kwamba Binza hawezi kwenda bila yule binti.

Sasa nafika kwenye mambo mawili yaliyonifanya niandike.

La kwanza. Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza Milembe nani alimfundisha wimbo ule. Nilidhani ni wachunga wa Sapiwi. Akashangaa, akaniuliza kama ule ni wimbo. Hakujua una maneno. Alikuwa anasikia watu wanaimba na hakuelewa wanaimba nini. Nikamuuliza basi aliutoa wapi. Akasema, "Mjomba, ndio anaouguna mama jikoni akiwa amemkasirikia baba. Anaosha vyombo, anauguna, baba anaondoka sebuleni taratibu. Nikaona huyu kaka naye anafaa kugunwa."

Nilisimama barabarani, ndugu yangu. Kwa sababu mimi nilikuwepo siku ulipoutunga. Ulikuwa mtoto wa miaka tisa umesimama juu ya kichuguu, na Salvatory alikuwa amelala chini ya mti wakati ng'ombe wa baba wanamaliza pamba ya jirani. Ulimtungia pale pale, ukamwimbia mpaka akaamka, na kabla ya mavuno watoto wote wa bonde walikuwa wanauimba. Wewe uliondoka, wimbo ulibaki. Wamewaimbia wachunga wenye usingizi mpaka leo, na hakuna anayejua ni wa nani. Jumapili wimbo wako uliomtungia Salvatory ulitoka kwenye sanduku la Salvatory, kwa mkono wa binti yako. Hakuna aliyepanga.

Unasema muziki ulimla kaka yetu. Nimelifikiria sana hilo, wala silipuuzi, kwa sababu ni wewe uliyemuuguza. Lakini mimi nilikaa naye barazani miezi yake ya mwisho, na alichoniambia hakikuwa hicho. Alisema alipiga gitaa miaka yote mbele ya watu waliokuwa wakila. Sanduku lilisema, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua limesema nini. Alisema mtu anaweza kufa njaa akiwa amezungukwa na sahani. Upweke ndio uliomla, Eufrasia. Jumapili nilimwona Milembe akisema neno moja kwa nyuzi, na uwanja mzima ukamjibu. Aliyejibiwa hivyo haliwi. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na sitakubali mtu anielekeze vingine, hata wewe ninayekupenda.

La pili. Milembe hatakuwa kwenye basi la Jumatatu. Uamuzi ni wake, na mimi nimeuweka mgongoni mwangu mbele ya wazee wa Sapiwi: nimewaambia mjomba wake amekubali. Nimekuambia mapema makusudi ili usiache zamu ukaenda stendi kumsubiri mtu asiyekuja. Usidhani nimesahau chuo. Mimi ni mwalimu, siwezi kumtoa mtoto darasani kwa ajili ya ngoma. Nimempigia msajili, na amesema nafasi inaweza kusogezwa mpaka Machi endapo mzazi ataandika kuridhia. Milembe mwenyewe ameahidi ataripoti Machi, na amplifaya chini ya kitanda cha bweni. Unayemjua ni wewe, akiahidi hutimiza.

Lakini ridhaa ya mama haiombwi kwa barua. Kwa hiyo nimekwenda ofisi ya basi, wamefuta jina lake kwenye tiketi wakaandika langu. Kiti cha dirishani, upande wa kulia. Jumatatu jioni anayeshuka Dodoma ni mimi na goti langu. Nitakaa sebuleni kwako, nitakula ugali wako, nitakueleza tena yote haya bila mgonjwa wa kunikatiza, na siondoki mpaka uandike ile karatasi. Kisha Ijumaa tutapanda basi pamoja, maana Jumapili ya tarehe saba tuko Binza. Danford hawezi kukaa kimya. Atakuja na jibu la mchunga kwa yule msichana wa kichuguu. Mashimba ameuliza kila mtu bondeni kama wimbo una ubeti wa pili, na hakuna anayeujua. Mimi nakumbuka kwamba Salvatory alikujibu siku ile, nawe ukamjibu tena, na baba akacheka mpaka akaketi chini. Maneno nimeyasahau. Najua wewe hujayasahau.

Flora anakusalimu sana, na amekuwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kopo. Mashimba anakusalimu, anauliza kama bado una ulimi ule. Milembe anakuamkia wewe na baba yake. Anasema anaomba radhi kwa kukuvujishia siri ya jikoni. Msalimie Dastan, mwambie aandae kitanda chenye godoro gumu kwa ajili ya goti langu. Wabeja sana kwa kunisoma mpaka hapa.

Nikukute mzima, na koo likiwa limelainika.

Ni mimi kaka yako,
Joakim Ndaki.

N.B. Usinipigie simu kabla ya Jumatatu. Sitapokea.